Visu vya Kukunja vya Mabaharia: Jinsi ya Kutofautisha Matoleo Yanayofanana

Weka visu viwili vya baharia mezani, vyote vya kukunja, vyote vina bapa upande mmoja na mwiba wa chuma upande wa pili. Asiyevizoea atakuambia ni kitu kimoja. Kumbe kimoja kinaweza kuwa kilitolewa kwa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kingine kikawa kimetoka kiwandani miongo kadhaa baadaye, kwa chuma tofauti na katika nchi tofauti. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua kwa hakika ameshika nini, hasa pale modeli mbili au tatu zinapokaribiana kiasi cha kuchanganya.

Nimeupanga kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe, na utaratibu huo nausisitiza. Wengi hukimbilia chapa. Wakishasoma jina la kiwanda wanaona kazi imekwisha. Mimi nasema chapa ije karibu na mwisho. Jina lile lile liliweza kupigwa kwenye visu vya miundo mingi, na kisu kile kile kiliweza kupigwa majina mengi. Viwanda vikubwa vilitengenezea kampuni nyingine visu kwa majina ya kampuni hizo. Camillus ya jimbo la New York, kwa mfano, ilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Wakati wa vita serikali ilitoa mchoro mmoja na kuwapa watengenezaji kadhaa zabuni. Kwa hiyo anza na mwili wa kisu. Mwili ndio mgumu kubadilisha.

Sehemu za kisu na majina yake

Tukubaliane majina kwanza ili tusipotezane njiani. Bapa ni kile kipande chenye makali. Kwenye visu hivi mara nyingi makali yamenyooka na mgongo wa bapa unateremka kwa mviringo hadi kukutana nayo, kwa hiyo hakuna ncha kali. Umbo hilo lina sababu: merikebu inapoyumba, baharia anayekata kamba hataki kutoboa tanga wala kumchoma mwenzake. Shina ni sehemu ya bapa isiyo na makali, ile inayoingia kwenye mpini na kuzungukia ribiti, yaani kipini cha chuma kilichopigwa vichwa pande zote mbili. Mwiba ni chuma kirefu chenye ncha butu, cha kulegeza mafundo yaliyokaza na kuachanisha nyuzi za kamba inapoungwa. Vibao ni vile vinavyofunika mpini kwa nje, viwe vya pembe, mfupa, mti au plastiki. Chini ya vibao kuna sahani, bati jembamba la chuma au shaba. Kofia ni kipande kinene cha chuma kinachofunika mwisho wa mpini pale bapa linapozungukia. Springi hukaa mgongoni au katikati na kulibana bapa. Pete ni kile kitanzi cha kufungia kamba ya shingoni au kiunoni. Mfuo wa kucha ni mchongo mdogo kwenye bapa unaokusaidia kulifungua.

Hatua ya kwanza: safisha kidogo, kisha acha

Futa vumbi na mafuta makavu kwa kitambaa laini chenye tone la mafuta mepesi ya mashine. Toa uchafu ndani ya mpini kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi. Usiguse msasa, usiguse brashi ya waya, na tafadhali usikipeleke kwenye mashine ya kung'arisha. Ule weusi wa kijivu unaotanda juu ya chuma cha kaboni ni ushahidi. Ukiuondoa, unaondoa pia uwezo wa kujua kama chapa ilipigwa kabla au baada ya kisu kuzeeka, jambo ambalo tutalihitaji sana mbele.

Andaa kioo cha kukuzia cha mara kumi, kalipa (kile kifaa cha kupimia kwa milimita), sumaku ndogo, na taa unayoweza kuilaza pembeni. Mwanga wa pembeni, unaoteleza juu ya chuma, huonyesha herufi zilizofutika ambazo mwanga wa juu huzificha kabisa. Kama una taa moja tu nzuri, itumie hivyo.

Hatua ya pili: pima visivyolika

Kipimo cha kwanza ni urefu wa mpini kisu kikiwa kimefungwa, kutoka mwisho hadi mwisho, bila kuhesabu pete. Usipime bapa ukadhani umepata kitu cha kuaminika. Bapa lililonolewa miaka arobaini limepungua upana na urefu, na wakati mwingine hata umbo lake limegeuka. Nimeona watu wakibishana kuhusu "toleo la bapa fupi" wakati walichokuwa nacho ni kisu kilichofanya kazi sana.

Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni umbali kati ya katikati ya ribiti moja na katikati ya nyingine. Ribiti haisogei. Kiwanda kilitoboa matundu ya sahani kwa kifaa kimoja, na kifaa hicho kilipobadilishwa, umbali nao ukabadilika. Pima kutoka ribiti ya bapa hadi ribiti ya mwiba, kisha kutoka hapo hadi zile zinazoshika vibao. Andika kwa milimita, na nukta moja ya desimali. Visu viwili vikitofautiana hapo kwa milimita moja na nusu, hivyo havikutoka kwenye kifaa kimoja, hata kama vina chapa moja na rangi moja. Vikilingana kabisa lakini majina ni tofauti, una sababu nzuri ya kushuku kwamba kiwanda kimoja kilivitengeneza vyote viwili.

Ongeza unene wa mpini katikati. Mara nyingine tofauti pekee kati ya modeli mbili ni sahani nene au nyembamba.

Hatua ya tatu: ribiti, springi na sahani

Hesabu ribiti kila upande. Tazama ni za chuma, za shaba ya manjano au za ile aloi nyeupe ya shaba na nikeli inayofanana na fedha. Ribiti ya kiwandani kwa kawaida imesawazishwa na kofia hadi karibu isionekane, au kichwa chake kimezungushwa na mashine kikabaki na duara safi. Iliyobadilishwa baadaye hujionyesha: inang'aa kuliko majirani zake, imeinuka kidogo, au chuma kilichoizunguka kina alama za nyundo.

Kuhusu skrubu, kanuni ni rahisi. Visu vya zamani vya aina hii vilifungwa kwa ribiti. Ukikuta skrubu zenye tundu la nyota ya pembe sita, zile zinazoitwa Torx, jua kuwa aina hiyo ya skrubu ilianza mwaka 1967. Mwili wenye skrubu hizo hauwezi kuwa wa zamani zaidi ya hapo, na kwa kawaida ni wa karibuni kabisa.

Kisha springi. Fungua bapa nusu na uangalie mgongoni. Je, bapa na mwiba vina springi moja ya pamoja, au kila kimoja kina yake? Hili ni badiliko kubwa la muundo, kwa sababu kiwanda hakikuweza kulifanya bila kupanga upya kisu kizima. Sikiliza pia: bapa likifunguka linasimama mara moja katikati ya njia, au linakwenda moja kwa moja hadi mwisho? Kituo hicho cha nusu hutokana na shina lililochongwa la mraba, na ni alama ya muundo inayosaidia sana unapokuwa na visu viwili mkononi.

Sasa sumaku. Iguse sahani kupitia upenyo wa ndani. Ikishika, sahani ni ya chuma. Isiposhika, ni shaba ya manjano, alumini, ile aloi nyeupe, au stenlesi laini. Rangi itamalizia jibu. Lakini jihadhari na dhana iliyozoeleka kwamba sumaku ikishika basi kisu si cha chuma kisichoshika kutu. Chuma cha stenlesi kinachotumika kutengeneza mabapa ni lazima kiweze kukomazwa kwa moto, na aina hiyo hushika sumaku vizuri tu. Ni stenlesi laini, ile yenye nikeli nyingi inayotumika kwenye mipini na vyombo, ambayo haishiki au hushika kidogo sana. Kwa hiyo kwenye kisu cha stenlesi kitupu unaweza kukuta bapa linashika na mpini haushiki, na hilo ni sawa kabisa.

Hatua ya nne: mwiba na pete

Kwa visu vya mabaharia, hapa ndipo penye utajiri. Visu vya kawaida vya mfukoni havina mwiba, na viwanda vilipokuwa vikirekebisha modeli mara nyingi vilianzia hapa.

Kwanza uangalie mahali unapolala. Kuna visu ambavyo mwiba umelala wazi mgongoni mwa mpini, umeegemea nje. Kuna vingine mwiba unazama kwenye mfereji wake. Kisha tazama ulivyokatwa: ni wa mviringo kabisa, au umebanwa ukawa bapa kidogo? Umenyooka, au umepinda kufuata mgongo wa mpini? Ncha yake ni ya sindano butu au imepigwa ikawa kama ulimi? Chora umbo hilo kwenye karatasi kwa kuuzungushia penseli. Mchoro kama huo utakufaa kuliko maneno.

Pili, ukiufungua, je, unajifunga? Modeli nyingi za zamani zilitegemea springi peke yake. Baadaye yalikuja matoleo ambayo mwiba hujifunga ukiwa wazi, na kwenye mengi ya hayo pete yenyewe ndiyo ufunguo: unaikandamiza, kifungio kinaachia, mwiba unarudi. Ukiona pete nene, iliyobanwa kama bati, iliyo na mkono mfupi unaoingia ndani ya mpini, usiihesabu kuwa ni pambo la kufungia kamba. Ijaribu taratibu. Tofauti hii peke yake inaweza kutenganisha modeli mbili zilizo sawa kwa kila kitu kingine.

Tatu, tafuta tundu la kufungulia pingu, yaani zile pete za chuma zenye pini ya skrubu zinazounganisha minyororo na kamba za matanga. Baadhi ya visu vina tundu refu kwenye bapa, vingine kwenye kofia, vingine kwenye msingi wa mwiba. Kwenye bapa, angalia kingo za tundu: zikiwa zimechongwa laini na zimeshika weusi ule ule wa bapa zima, ni za kiwandani. Zikiwa na mikwaruzo ya tupa na rangi ya chuma kipya, kuna fundi aliyeongeza.

Pete ndiyo sehemu inayobadilishwa kirahisi kuliko zote, kwa hiyo iandike lakini usiitegemee. Inaweza kuwa ya shaba, ya chuma, ya waya wa mviringo au ya bati lililokunjwa.

Hatua ya tano: vibao

Vibao vilibadilika kadiri malighafi zilivyobadilika, na hilo hutusaidia kupanga miaka, ingawa si kwa usahihi wa kuapia.

Pembe ya nyati ina mistari mirefu ya ndani inayoonekana ukiielekezea taa, na ikizeeka hujinyanyua kidogo kingoni au kuanza kuachana tabaka tabaka. Wadudu pia huila. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi, vile vya mishipa ya damu ya mnyama, na hakuna plastiki iliyoviiga vizuri chini ya kioo cha kukuzia. Ukivikuta kwenye mabonde ya michongo, umepata mfupa. Plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu huwa na mchongo unaojirudia: linganisha kibao cha kushoto cha visu viwili, na michongo ikilingana nukta kwa nukta, ilitoka kwenye kalibu moja. Mfupa uliochongwa mmoja mmoja haulingani hivyo.

Kampuni ya DuPont iliingiza sokoni plastiki ngumu iitwayo Delrin mwaka 1960, na viwanda vya visu vya Marekani viliipenda kwa kuiga mfupa. Kisu chenye vibao vya Delrin vya asili hakiwezi kuwa cha vita. Kuna modeli zilizoendelea na namba ile ile wakati vibao vikihama kutoka mfupa kwenda Delrin, na hayo ni matoleo mawili, yaandikwe mawili.

Selulodi inahitaji tahadhari. Ni plastiki ya zamani, nzuri kwa macho, lakini inapoanza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma. Kisu chako kikishika kutu kali upande mmoja tu, hasa pale bapa linapokaa karibu na kibao, shuku selulodi. Kitenge mbali na vingine mara moja. Na usijaribu kamwe ule mtihani wa kuchoma kibao kwa sindano ya moto ili unuse harufu: unaharibu kisu, na selulodi inashika moto kwa kasi ya kutisha.

Hatua ya sita: bapa

Hapa pita haraka. Tazama mfuo wa kucha: mrefu au mfupi, umeanzia wapi kutoka kwenye shina, una mistari midogo ndani au ni laini. Tazama kama kuna ukingo mdogo au kijitundu pale makali yanapoanza. Vitu hivyo haviliki kwa kunoa. Umbo la ncha, upana na urefu vichukulie kama dokezo tu.

Chuma cha kaboni huwa cheusi au kijivu, stenlesi hubaki cheupe. Harry Brearley alitengeneza chuma chake kisichoshika kutu huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kwa hiyo bapa lililoandikwa kuwa ni stenlesi haliwezi kutangulia mwaka huo. Kinyume chake hakifuati. Chuma cha kaboni kiliendelea kutumika kwenye visu vya jeshi na vya kazi kwa miongo mingi baada ya hapo.

Hatua ya saba: sasa soma chapa

Geuza kisu, fungua bapa, lete taa ya pembeni. Soma shina pande zote mbili. Soma msingi wa mwiba. Soma kifungulia kopo kama kipo. Soma sahani na kofia. Chapa mbili kwenye kisu kimoja ni jambo la kawaida: jina la kiwanda hapa, alama ya mwenye mali pale.

Jina la nchi ndilo linaloanza kupanga miaka. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, inayojulikana kwa jina la McKinley, ilitaka bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe zilikotoka. Ndiyo maana visu vingi vya Sheffield vilivyoongezwa neno "England" ni vya baada ya hapo. Kukosekana kwa neno hilo hakuthibitishi uzee, maana kisu kilichouzwa nyumbani Uingereza hakikulazimika kuwa nalo. Visu vya Solingen, Ujerumani, vilivyoandikwa "West Germany" viko kati ya 1949 na 1990. Vilivyoandikwa "Occupied Japan" ni vya miaka ya ukaliwaji wa Japani, uliokwisha 1952.

Kwenye visu vya jeshi la Uingereza tafuta mshale mpana, alama ya mali ya serikali. Ukiwa peke yake ni wa Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C ni wa Kanada. Ukiwa kati ya D mbili ni wa Australia. Ukiwa ndani ya U ni wa Afrika Kusini, na ukiambatana na I ni wa India. Mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha ina maana kwamba kifaa kiliondolewa rasmi kwenye matumizi ya serikali na kuuzwa. Hiyo si kasoro, ni sehemu ya historia ya kisu, na iandikwe hivyo. Pembeni ya mshale mara nyingi kuna mwaka, na mwaka huo ndio kitu cha thamani zaidi unachoweza kukipata.

Kwa familia hiyo ya Uingereza kuna matoleo makuu matatu ambayo watu huyachanganya. La zamani, la mchoro wa 1905, ni kisu kikubwa kizito, chenye bapa, kifungulia kopo na mwiba mgongoni, vibao vyeusi vya pembe vilivyochongwa miraba midogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili likaja toleo dogo zaidi lenye vibao vyeusi vya plastiki, nalo lina miraba, na mwisho wake una ulimi wa chuma wa kutumika kama bisibisi. Baada ya vita likafuata la stenlesi kitupu, bila vibao kabisa. Toleo la pili na la tatu hupatikana likiwa na mwiba au bila mwiba, na kutokuwepo kwa mwiba hakumaanishi umevunjika. Angalia ribiti na springi: kama hakuna mahali pake, hakikuwahi kuwa nao.

Namba ndefu ni zawadi kwa mkusanyaji. Namba ya ugavi ya NATO ina tarakimu 13. Nne za kwanza zinataja kundi la bidhaa: 7340 ni visu, uma na vijiko, 5110 ni zana za mkono zenye makali. Mbili zinazofuata zinataja nchi iliyoisajili: 99 Uingereza, 00 au 01 Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 21 Kanada, 66 Australia. NATO yenyewe ilianzishwa mwaka 1949, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha kisu chenye namba hiyo na kukuambia kilitua Normandy wakati wa vita, mwaka 1944, mrudishie kwa heshima. Upande wa Marekani, namba za kabla ya 1974 zilikuwa na tarakimu 11, hazina zile mbili za nchi. Hesabu tarakimu kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa visu vya Case vya Marekani kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu kiwanda kiliandika muundo kwenye shina. Chukua 6246LRSS, kisu chao cha wafunga kamba za merikebu. 6 ni vibao vya mfupa, 2 ni idadi ya vipande vinavyofunguka, 46 ni umbo la mpini, L ni kifungio, R ni pete, SS ni stenlesi. Ukikuta 6246R bila L wala SS, unajua papo hapo tofauti mbili za kutafuta: mwiba haujifungi, na chuma ni cha kaboni. Kama mwili unasema kingine, shina hilo lilihamishwa kutoka kisu kingine. Kuhusu mwaka, chapa yenye "Case XX" bila U.S.A. ni ya 1940 hadi 1964, yenye "Case XX U.S.A." ni ya 1965 hadi 1969. Kuanzia 1970 waliweka nukta kumi chini ya jina na kuondoa moja kila mwaka, hadi ikabaki moja mwaka 1979. Mwaka 1980 wakaanza tena na nukta kumi, safari hii herufi S ikiwa imechorwa kama radi. Hesabu nukta kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu ya mwisho hufutika kirahisi, na nukta moja ni mwaka mzima.

Majina makubwa yaliyohamia mikono mingine nayo yanahitaji jicho. Imperial Schrade ilifungwa 2004, Camillus ikafilisika 2007. Majina yote mawili yalinunuliwa na yakaendelea kutumika kwenye visu vilivyotengenezwa nje ya Marekani. Modeli inaweza kufanana na ile ya zamani hadi rangi ya kibao. Neno la nchi kwenye shina, na vile vipimo vya ribiti ulivyoandika hatua ya pili, vitakuambia uko upande gani.

Hatua ya nane: toleo, tengenezo, au udanganyifu?

Umeona tofauti kati ya kisu chako na kile unachokilinganisha nacho. Kabla hujatangaza toleo jipya, jiulize tofauti hiyo imetokana na nini.

Tofauti ya kiwandani hujirudia. Ukiikuta kwenye visu viwili au vitatu visivyo na uhusiano, vyenye kuzeeka sawasawa mwili mzima, una toleo. Tengenezo la fundi huwa la kisu kimoja, na rangi ya uzee hailingani: mwiba mweupe kwenye mwili mweusi, kibao kimoja kimefifia na kingine kimekoza. Visu hivi vilikuwa vya kazi, na mabaharia walitengeneza vitu vyao. Mimi sioni tengenezo la zamani kuwa aibu. Aibu ni kulificha.

Udanganyifu mara nyingi huwa kwenye chapa, hasa mshale na mwaka wa vita, kwa sababu ndivyo vinavyopandisha bei. Kinachomfichua mwongo ni jinsi chuma kinavyofanya kazi. Kiwandani, chapa ilipigwa kwenye shina chuma kikiwa bado laini, kabla ya kukomazwa kwa moto, kisha kikasuguliwa. Kwa hiyo herufi huwa na kina, na kingo zake ziko sawa na uso wa chuma. Anayepiga leo anapiga chuma kigumu: alama inakuwa ya juu juu, haina kina sawa, na kingo zake zimevimba kwa sababu chuma kilichosukumwa hakikusuguliwa tena. Pitisha ukucha juu yake, utausikia uvimbe huo. Kisha tazama chini ya herufi kwa kioo: weusi wa uzee umeingia hadi kwenye mabonde, au mabonde ni meupe na weusi umebaki juu tu? Hapa ndipo utanishukuru kwa kukukataza kung'arisha. Angalizo moja: alama ya mwenye mali, tofauti na jina la kiwanda, wakati mwingine ilipigwa baada ya kisu kukamilika, kwa hiyo uvimbe peke yake haumhukumu mtu. Uvimbe pamoja na mabonde meupe, ndiyo.

Tuchukue mfano wa visu viwili. Vyote vina vibao vyeusi vya miraba, vyote vina mwiba, vyote vina jina la kiwanda cha Sheffield. Kisu cha kwanza kina mshale na mwaka 1916. Kisu cha pili hakina mwaka. Ukipima mpini uliofungwa, hicho cha mwaka 1916 ni kifupi kuliko cha pili. Hapo simama: mchoro wa 1905 ndio mkubwa, na mdogo ulikuja katika vita vya pili. Tazama vibao vyake: ni plastiki laini isiyo na mistari ya pembe, na mwisho wa mpini una ulimi wa bisibisi. Sasa angalia tarakimu 1916 kwa taa ya pembeni: mabonde yanang'aa. Mwili unasema vita vya pili, chapa inasema vita vya kwanza, na mwili ndio wa kusadikiwa. Kile cha pili, kikubwa, kisicho na mwaka, vibao vyake vina mistari ya pembe na kingo zimeanza kunyanyuka. Ndicho kizee kati ya hivyo viwili, na muuzaji asiyepima angekiuza kwa bei ndogo.

Hatua ya tisa: andika na piga picha

Kila kisu kiwe na ukurasa wake, daftarini au kwenye kompyuta. Andika urefu uliofungwa, unene, umbali wa ribiti zote, idadi na aina ya ribiti, springi moja au mbili, sahani ni ya nini, mwiba unakaa wapi na unajifunga au la, vibao, na kila chapa herufi kwa herufi pamoja na mgawanyo wa mistari yake. Mistari ni muhimu: jina lile lile likiwa limepangwa kwa mistari mitatu badala ya minne linaweza kuwa la kipindi kingine. Nukuu hata makosa ya herufi.

Piga picha kisu kikiwa kimefungwa pande mbili, kikiwa wazi pande mbili, mgongo, na shina kwa karibu, rula ikiwa ndani ya kila picha. Weka rula sambamba na mpini na kamera juu kabisa, si pembeni, ili mtu mwingine aweze kupima kutoka kwenye picha yako.

Tenga mambo ya aina mbili katika ukurasa huo: uliyoyaona mwenyewe, na uliyoyakadiria. "Springi mbili" umeiona. "Labda miaka ya 1950" umekadiria. Kisu kingine kikija mkononi kesho chenye vipimo vile vile na mwaka juu yake, utarudi kwenye ukurasa huo na kubadilisha upande wa makadirio bila kugusa ule wa ushahidi. Kabla ya kukirudisha kabatini, pitisha mafuta mepesi kwenye chuma cha kaboni, acha bapa likiwa limefungwa, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuitengeneza huozesha shaba na kuuma chuma.